Nilikwenda Singida kutafuta roboti

Jamani, nimepotea kidogo. Kwa wale waliokuwa wakiuliza, nilikuwa Singida, na nilikwenda kule kutafuta roboti. Ndiyo, roboti. Usicheke kwanza.

Ilianza hivi. Mhariri wangu alikaa kwenye harusi na mtu aliyemwambia kwamba kuna kiwanda cha kukamua alizeti Singida mjini kimefunga roboti, na vibarua wanaogopa kazi zao. Kesho yake asubuhi akaniita. "Wewe si wa Singida? Nenda." Taaluma yetu ndivyo ilivyo: ukizaliwa mkoa fulani basi wewe ni bingwa wa kila kitu cha huko, kuanzia kuku wa kienyeji hadi umeme wa upepo. Nikapanda basi alfajiri. Morogoro, Dodoma, Manyoni, Ikungi, halafu yale mawe makubwa yaliyopandiana kama mtu aliyapanga akachoka. Nikashuka jioni, miguu imevimba.

Njia nzima nilikuwa nawaza zile roboti za Kinshasa za kuongoza magari, zilizoanza kusimamishwa barabarani mwaka 2013, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Zile kubwa zilizokuwa zikisimama kwenye makutano, zikigeuza kifua, zikinyoosha mikono, na kamera zake zikituma picha. Nikajisemea, kama Kinshasa imewezekana, kwa nini Singida isiwe na moja ya kubeba madumu ya mafuta?

Usiku ule nililala kwa binamu yangu, na nikamkuta shangazi amekuja kutoka Ilongero kuuza alizeti. Nikamwamkia, akaitika, na kabla sijakaa akauliza kilichonileta. Nikamweleza habari ya roboti.

"Ipo," akasema. "Tena inakula."

Akatoa daftari la shule lililokunjwa mara nne. Kijijini walipima magunia yake 12 kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani, wakaandika gunia moja moja: jumla kilo 744. (Kwa wale wa mjini: gunia la alizeti si kama la mahindi. Alizeti ni nyepesi, gunia linalobeba kilo 100 za mahindi linabeba kama 60 na kitu za alizeti.) Kiwandani risiti ikatoka na kilo 727. Kilo 17 zimeyeyuka barabarani. Kwa bei ya siku ile, shilingi 900 kwa kilo, hiyo ni shilingi 15,300.

"Nikamuuliza karani, akasema mama, mimi siandiki kitu, inaandika yenyewe."

Ndipo nilipoelewa roboti ni nini. Zamani karani alikuwa anasoma mizani na kuandika kwa kalamu. Sasa magunia yanawekwa juu ya bamba la chuma, karani anabonyeza kitufe kimoja, na uzito unaingia wenyewe kwenye kompyuta ya ofisini na kutoka kwenye risiti. Vibarua wakaona namba inasafiri bila mkono wa mtu, wakaiita roboti.

Kiwandani nilikuta foleni imesimama. Mizani ilikuwa haiandiki tangu jana yake, na karani alikuwa amerudi kwenye kalamu. Meneja, mtu mpole mwenye haraka, aliponisikia nimetoka Dar kuja kuona roboti alicheka mpaka akakaa. Nikamwambia pia mapema kwamba shangazi yangu ni mmoja wa wauzaji wake na ana malalamiko, ili asije akasema nilimficha. Akasema, "Basi mwandishi, fundi anatoka Dodoma saa nne. Kaa uone mwenyewe."

Fundi akaja na begi la mgongoni na laptopu ya zamani. Alikuwa na ile tabia ya mafundi wazuri ya kutosema neno kwa nusu saa ya kwanza. Nilipomtania kuwa nilifuata roboti nikakuta mizani, hakucheka. Akasema aliwahi kufanya kazi miaka minne Dar kwenye kiwanda cha vinywaji kilichokuwa na mkono wa roboti wa kupanga kreti, roboti ya kweli.

"Dada, watu wanadhani kazi ya roboti ni mkono," akasema. "Mkono ni rahisi. Kabati lake la kudhibiti lina matundu nyuma, kama haya hapa. Siku ya kwanza humfundishi kubeba chochote. Unamfundisha kusikilizana na wenzake: mkanda, mizani, kompyuta. Asiposikilizana nao, anabaki chuma kinachojigeuza."

Akanionyesha tundu lenyewe, nyuma ya kile kisanduku chenye namba nyekundu wanachokiita indiketa: tundu la pini tisa, lenye umbo kama la trapeza. Poti ya siriali. Maana yake habari zinapita kwa mfululizo, biti moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Kiwango cha mawasiliano hayo, RS-232, kilitolewa Marekani mwaka 1960. Mwaka uliofuata roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ikaanza kazi kwenye kiwanda cha General Motors kule New Jersey. Kwa hiyo waya huu umeutangulia Uhuru wetu kwa mwaka mzima, na bado uko Singida unapima alizeti.

Nilitegemea uchawi. Nilichoona ni mtu anayejaribu kuwapatanisha wawili wasiosalimiana. Waya wa kutuma wa huyu lazima uingie kwenye waya wa kupokea wa yule. "Mdomo uende sikioni," fundi akasema. "Ukiunganisha mdomo na mdomo, wote wanaongea hakuna anayesikia." Pini ya 2, pini ya 3, na ya 5 ambayo ni ya pamoja. Halafu kasi: wote wawili lazima wakubaliane ni biti ngapi kwa sekunde. Halafu kila herufi ina biti ngapi, 7 au 8. Halafu pariti, ile biti moja ya ziada ya kukagua kosa, ipo au haipo. Hakuna anayemuuliza mwenzake. Kila mmoja amepangiwa kwake, na wakitofautiana kwenye kimoja tu, kinachotokea kwenye kioo ni takataka: alama za dola, vimraba, herufi za ajabu.

Na takataka ndiyo tuliyoiona. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo, indiketa ikasahau mipangilio yake ikarudi ya kiwandani, biti 9600 kwa sekunde. Kompyuta ilikuwa bado inasikiliza kwa 2400.

"Kwa nini waliweka 2400?" nikauliza.

Fundi akanyoosha kidole kwenye waya. Ulitoka kwenye mizani, ukapita juu ya paa la ghala, ukashuka ofisini, mita 40 na zaidi, tena umefungwa pamoja na waya mnene wa mota ya kinu. RS-232 ni kwa umbali wa mita 15 hivi. Ukizidisha inabidi upunguze kasi ili mnong'ono ufike, na hata hivyo mota ikiwaka inapiga kelele za umeme juu yake. Fundi wa zamani alipunguza kasi, ikafanya kazi, akaenda zake. Sikumlaumu. Ndivyo tunavyoishi sote.

Shangazi, ambaye alikuwa amekuja na daftari lake na kukaa kwenye benchi kama mwangalizi wa uchaguzi, akaniita pembeni. "Huyu kijana anasema siri, siri. Siri gani?" Nikamwambia si siri shangazi, ni siriali. Akanitazama. "Basi waibadilishe jina."

Fundi akachukua laptopu yake, akaiunganisha moja kwa moja na indiketa kwa waya mfupi, 9600, biti 8, bila pariti. Kioo kikajaa maandishi yanayoshuka kama mvua, mstari baada ya mstari:

ST,GS,+000186.5kg
ST,GS,+000186.5kg

Juu ya bamba kulikuwa na magunia matatu. Akaniambia mwanzo wa mstari ndiyo sehemu ambayo watu hawaisomi. GS ni uzito wote bila kutoa kitu. ST ni mizani kusema: nimetulia. Akamwomba kibarua aondoe magunia na kuyarudisha. Mistari ikabadilika:

US,GS,+000171.0kg
US,GS,+000181.0kg
US,GS,+000184.5kg
ST,GS,+000186.5kg

US ni mizani kusema: bado, nisubirini.

Hapo fundi akanyamaza tena, ila safari hii ulikuwa ukimya wa aina nyingine. Akaenda ofisini, akafungua programu ya kompyuta, akaingia kwenye mipangilio yake. Programu ilikuwa imeambiwa iruke herufi sita za mwanzo na ichukue namba tu. Chini yake kulikuwa na kimraba cha kuweka tiki, cha kuiamuru isubiri mizani itulie kabla ya kuandika. Hakikuwa na tiki.

Sasa elewa maana yake. Mizani yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, na fundi alipoijaribu kwa mawe ya kupimia haikukosea hata nusu kilo. Ilikuwa inasema ukweli na inasema kwa sauti, mara kadhaa kila sekunde: bado, bado, bado. Tatizo ni kwamba upande wa pili hakuna aliyeamriwa kusikiliza neno hilo.

Tukafanya jaribio, na hili nililiomba mimi. Magunia yale yale matatu, mara kumi. Karani abonyeze kama anavyobonyeza siku zote foleni ikiwa ndefu. Mara mbili ilizidi, kwa sababu kibarua aliyabwaga kwa nguvu. Mara nane ilipungua: kilo mbili, kilo tano na nusu, kilo tatu. Kwa nini ipungue zaidi ya kuzidi? Fundi akaeleza kuwa ndani ya indiketa kuna chujio, inachukua wastani wa vipimo vya punde ili namba isirukeruke, na mzigo ukiwekwa, wastani huo bado una kumbukumbu ya bamba tupu. Namba inapanda kama maji kwenye ndoo. Mwenye haraka anaikuta njiani.

Shangazi alipimiwa mara nne, magunia matatu matatu. Kilo 17 gawanya kwa nne. Nilipiga hesabu kwenye kiganja nikajisikia vibaya.

Nikamuuliza karani ni nani aliyeondoa tiki. Kijana wa watu akaanza kutetemeka kama anahojiwa polisi. Ikabidi niweke kalamu chini. Akasema mwanzo ilikuwepo, lakini programu ilikuwa inakataa kuandika. Unabonyeza, inakataa. Unabonyeza, inakataa. Foleni imefika barabarani, wenye Fuso wanapiga honi, wakulima wanatukana. Wakamwita fundi wa zamani, naye akawaondolea usumbufu.

"Ilikuwa inakataa kwa nini?"

Akaonyesha nje. Upepo. Bamba la mizani liko uwanjani, upande wa mashariki kuko wazi kabisa, na wewe kama umewahi kukaa Singida miezi ya kiangazi unajua ninachosema. Ni upepo ule ule ambao kwa miaka mingi unatajwa kwenye mipango ya umeme. Unasukuma magunia, unanyanyua turubai, bamba linacheza kidogo tu, na mizani mwaminifu inasema bado. Ilikuwa inasema bado kwa sababu ya kweli. Wakamziba mdomo.

Nilitamani sana kupata mwizi. Nakiri. Mwandishi anayetoka Dar kilomita karibu 700 anataka mwizi, au walau roboti. Nikapata upepo, foleni, na kimraba kisicho na tiki.

Jioni tukakaa ofisini kwa meneja. Fundi akamweleza taratibu, bila kuongeza chumvi. Nikauliza lile lililokuwa linanikera: wa nyuma je? Kompyuta ina orodha ya msimu mzima, majina, tarehe, saa, kilo. Fundi akatikisa kichwa. Programu ilihifadhi namba tu. Zile herufi mbili, ST au US, zilikuwa zikitupwa kila mara. Hakuna njia ya kuangalia mstari wa mama fulani na kusema huyu alipimwa vizuri, huyu hakupimwa. Ushahidi haukufichwa. Haukuwahi kuandikwa.

Meneja akakaa kimya, akichezea kikokotoo. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kwamba msimu ule kinu kilikuwa kinatoa mafuta mengi kwa kila tani ya alizeti kuliko msimu uliotangulia. Mafuta yalizidi, na mashudu nayo yalizidi. Alidhani ni ile skrubu mpya ya kukamulia. Alimwandikia mwenye kiwanda kumsifia aliyeiuza.

Hakuendelea, na mimi sikumsukuma. Alizeti inayoingia kinuni haijui iliandikwa kilo ngapi. Kama umeandika 727 na ndani kuna 744, kinu kitakupa mafuta ya 744, na wewe utasema una kinu kizuri.

Siku ya pili ilikuwa ya mtandao. Waya mrefu wa juu ya paa ukang'olewa. Fundi alikuja na kiboksi kidogo kama kiberiti kikubwa: upande mmoja kinapokea siriali kutoka kwenye indiketa kwa waya wa mita moja, upande wa pili kinatoka kebo ya mtandao, ile ile ya intaneti ya ofisi zenu, ambayo kwa waya wa shaba inakwenda hadi mita 100 bila shida. Hapo kasi na pariti zinabaki za nyumbani kati ya kiboksi na mizani. Huko mbele ni anwani tu.

Anwani nazo zilitupotezea saa mbili. Kiboksi kilitoka dukani na anwani ya 192.168.0.7 wakati kompyuta za ofisi zote ni 192.168.1 na kitu. Ni kama mko nyumba jirani lakini kila mmoja ana hakika anaishi mtaa mwingine, hamtembeleani. Fundi akakihamishia mtaa wa ofisi, kikaitika, tukapiga makofi, na dakika kumi baadaye kikapotea. Kumbe printa ya mhasibu ilikuwa na anwani hiyo hiyo. Kila alipochapisha risiti, mizani ilikufa. Akakipa 192.168.1.50, akaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta na kuibandika juu yake, akisema roboti ya Dar iliwahi kusimama siku nzima kwa ugonjwa huo huo na watu wakafungua mkono mzima kutafuta kilichovunjika.

Kisha wakafanya mambo matatu. Wakaweka mabati pande mbili za mizani kuzuia upepo. Wakarudisha tiki, na programu ikaanza kuhifadhi mstari mzima pamoja na zile herufi mbili za mwanzo. Na kwa kuwa sasa namba iko kwenye mtandao na inaweza kusomwa popote, wakatoa kioo kimoja cha kompyuta dirishani kikiwa kimewageukia wauzaji. Kabla ya hapo namba ilikuwa inamtazama karani peke yake.

Nikamwona mzee mmoja akisimama mbele ya kile kioo muda mrefu baada ya magunia yake kuondolewa, anasoma sifuri.

Mhariri alinipigia jioni. "Roboti iko wapi?" Nikamweleza kila kitu, kebo, upepo, tiki. Kimya. Halafu akasema niandike maneno mia tatu, nisitaje kiwanda, na niweke picha ya alizeti. Niliandika, ilitoka ukurasa wa ndani chini ya tangazo la saruji. Ndiyo maana mengine nayamwaga hapa kijiweni.

Kabla sijaondoka, meneja alimwita shangazi akamhesabia shilingi 15,300. Alisema mizani ya kijijini nayo inaweza kuwa na kosa lake, lakini kwa kuwa ana daftari lenye gunia moja moja, atalipa. Sijui angelipa kama mpwa wa muuzaji asingekuwa na kalamu mkononi. Sikumuuliza, na ningepaswa.

Shangazi alihesabu mara mbili, akafunga kwenye kona ya kanga. Tukatoka getini. Tulipofika barabarani akasimama.

"Yule mama tuliyepanga naye foleni," akasema, "yule wa Ikungi mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa na magunia tisa. Yeye hana daftari."

Akageuka kuangalia nyuma getini, upepo unampiga kanga usoni, kisha akaniuliza kama jina lake si litakuwa kwenye ile kompyuta.